Mwaka Tulioulizwa Tunahama Lini

Tulipomzika dada yangu Veronika kule Masakta, watoto wa mjini walinichosha kwa swali moja. Walikuwa wamekuja kutoka kila upande, maana uzao wa Veronika umetawanyika kama mtama uliomwagika: mmoja anachimba madini Mererani, mmoja ni muuguzi Arusha, mwingine ameolewa Singida, na yule wa mwisho anauza mitumba Dodoma na kila mwaka anasema atarudi. Walikaa chini ya turubai wakala wali na maharage, na macho yao yote yakawa kwa bibi mmoja mwenye bangili nzito za shaba, aliyekaa ndani na sisi wafiwa, kwenye mkeka wa ndugu wa karibu, wala hakuna aliyemwondoa. "Ama," mjukuu wa Veronika akaninong'oneza, kwa maana sisi Wairaqw bibi tunamwita ama, "yule bibi Mmang'ati ni nani wetu?" Nikamwambia kwanza neno hilo alitoe mdomoni. Watu wale wana jina lao, ni Wabarbaig, na hilo lingine walipewa na waliowaogopa. Pili, nikamwambia, yule anaitwa Udagwenga, na kama si yeye mama yako asingezaliwa Masakta. Akacheka, akidhani ni maneno ya kuchangamsha msiba. Mimi si mtu wa kuchangamsha misiba. Nikamwambia akae chini, na haya ndiyo niliyomwambia, ila pale nilikatishwa mara nyingi na waliokuja kutoa pole. Hapa sitakatishwa.

Udagwenga alikuwa akiishi Jorodom kwa mwanawe. Matope yaliposhuka kutoka Mlima Hanang, nyumba ile ilikwenda nayo. Watu walitoka wazima, ng'ombe hawakutoka. Veronika hakungoja kuombwa. Alimtuma kijana na pikipiki amlete, akamwagiza asirudi bila yule bibi hata akikataa, na chumba walichompa ni kile kilichokuwa cha mahindi. Nilipokwenda kuwaona baadaye, nikitoka kwangu Haydom, nilikuta vikongwe wawili wanagombana juu ya chumvi kwenye mboga, kila mmoja kwa lugha yake, na kila mmoja anamwelewa mwenzake. Nilikaa nikala mboga hiyo. Chumvi ilikuwa nyingi. Sikusema kitu, maana ugomvi ule ulikuwa mzuri kuusikiliza.

Habari za ukoo wetu sitazieleza, hazina kitu ambacho ukoo mwingine hauna. Inatosha kusema kwamba Bashay kuna baridi, ardhi nzuri na watu wengi. Shamba la baba mkwe wa Veronika lilikatwa na kukatwa tena kwa wanawe, mpaka Bura, mume wa Veronika, akapata kipande ambacho ukikaa na kunyoosha miguu, visigino viko kwa jirani. Bura akampa mdogo wake Amsi kipande hicho chote, akasema yeye anashuka Hanang kutafuta ardhi ya kutosha. Veronika alikuwa na mimba changa. Mama akasema binti yake hatashuka peke yake na mwanaume asiyejua hata kuchemsha maji, akanitoa mimi nikamsaidie kwa mwaka mmoja, kama unavyomwazima jirani jembe. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nne. Nilijua kusoma, kuandika na kusaga, na kwa mawazo ya wakati ule nilikuwa nimemaliza. Siku hizi wajukuu wananiambia shuleni wanafundishwa kwa nini watu wanahama, na kwamba kuna kuhama kwa aina nyingi, kwa hiari na kwa kulazimishwa, kwa muda na moja kwa moja. Sawa. Mimi ninachojua ni kwamba Bura alisema anahama kwa hiari, lakini aliposhuka kwenye ule mteremko hakugeuka kuangalia nyuma hata mara moja, na mtu wa hiari hugeuka.

Masakta ya wakati ule ilikuwa nyasi na miiba, na Mlima Hanang umesimama peke yake kama mtu aliyekataa kuitikia salamu. Bura alikwenda kwanza kwa mzee wa pale, mzee Gidabarda, baba yake Udagwenga, mfugaji mwenye ng'ombe waliofunika bonde, akampelekea tumbaku na pombe ya asali. Mzee alikunywa, akaangalia mikono ya Bura, akasema neno moja: "Kaa." Tukakaa. Bura alisimamisha kibanda cha nyasi, kidogo, cha muda, maana kwetu huwezi kujenga nyumba ya kweli kabla ardhi haijakuonyesha kwamba inakutaka. Ndani kulikuwa na chumba kimoja tu. Upande mmoja walilala Veronika na mumewe, upande mwingine mimi na mifuko ya mbegu, na katikati mafiga matatu. Moshi ulikosa pa kutokea ukalala na sisi. Tulikula ugali wa mtama tuliokuja nao, na maziwa ya mgando aliyoleta Udagwenga kwenye kibuyu kilichofukizwa kwa moshi, akichukua unga wetu. Alikuwa rika langu. Siku ya kwanza alinusa ugali wangu, akauliza kwa Kiswahili chake, "Hii mnakula ninyi au mnapaka ukuta?" Nikamwambia maziwa yake yana majivu. Akasema majivu ndiyo utamu. Tukawa marafiki hapo hapo. Sijui watu wa leo wanakuwaje marafiki, wanachukua muda mrefu sana.

Mvua ilikuja kidogo, tukapanda, kisha ikakatika kabla mahindi hayajafika kiunoni. Na hapo ndipo mzee Gidabarda alipoanza kuja. Alikuja kila asubuhi, na shuka yake nyeusi na fimbo ndefu, akasimama mbele ya kibanda chetu kwa mguu mmoja, mwingine ameuegemeza gotini. Mimi nasema shikamoo, anaitika marahaba. Anauliza habari ya mimba, habari ya mahindi. Halafu anamgeukia Bura. "Mnahama lini?" Bura anashtuka, anajibu, "Bado kidogo, mzee." Mzee anatikisa kichwa. Siku nyingine anaongeza, "Jua hili linakuja. Mkichelewa itakuwa mbaya." Siku moja alichoma ukuta wetu wa nyasi kwa ncha ya fimbo, ukatoboka, akasema, "Hii si kitu. Fisi anaingia." Akaenda zake taratibu, kama mtu aliyemaliza kazi. Bura alibaki anatazama lile tundu.

Ninyi mnaosoma mtaona ni rahisi, mtasema si wangemwuliza tu. Hamjui mambo yalivyokuwa. Watu wa juu tulilishwa hadithi za watu wa chini tangu tunanyonya, na wao walilishwa za kwetu. Tena mwenye ardhi akikuambia uhame, humwulizi maana yake nini, unatafuta kamba za kufungia mizigo. Kiswahili chenyewe kilikuwa cha kuazima kwa wote wawili. Bura alikipata kwa kuchunga karibu na misheni, mzee alikipata mnadani anapouza ng'ombe. Kila mmoja alikuwa na maneno yanayomtosha kwa kazi zake.

Nilisikia mengi mwaka ule kwa sababu kwenye chumba kimoja huna pa kupeleka masikio. Jioni moja nikisonga ugali, Veronika akamwambia mumewe, "Turudi nyumbani. Mimi sitazaa mbele ya fimbo ya mtu." Bura akasema, "Nyumbani wapi?" "Bashay." "Bashay nilimpa Amsi sehemu yangu. Ameshalima, ameshaoa juu yake. Nikafike nimwambie toka?" "Basi twende mbele, Basotu." "Basotu nako kuna wenyewe, na huko hatuna hata wa kupelekea tumbaku." Veronika akasema, "Kwa hiyo sisi ni watu wa wapi?" Ugali ulikuwa tayari, nikaupakua, na kila mtu akala sehemu yake akiangalia mafiga. Nilielewa siku ile jambo ambalo darasa la nne halikunipa, kwamba mtu anaweza kuondoka mahali na asifike popote, akabaki katikati, na tumbo la mke wake linaendelea kukua tu, halingojei.

Mwishowe Bura alikata shauri. Tuliamka, akaanza kufungua fito za kibanda, maana fito nzuri huwezi kuziacha. Veronika akakunja ngozi za kulalia. Mimi nilikuwa nafunga mafiga kwenye gunia, mawe yale yalikuwa bado na joto, ndipo Udagwenga akafika na kibuyu chake cha maziwa. Akasimama. "Mnafanya nini?"

"Tunaondoka," nikasema. "Baba yako ameshinda."

"Baba ameshinda nini?"

"Kutufukuza. Kila asubuhi anatufukuza. Anasema mnahama lini, mnahama lini. Haya, leo."

Udagwenga akaweka kibuyu chini. Aliniangalia kama mtu anayemwangalia ng'ombe mwenye vichwa viwili. "Ndiyo, anasema mnahama lini," akasema. "Mnahama hapa lini. Na nyumba. Na udongo." Akapiga chini kwa mguu, bangili za kifundoni zikalia. "Hapa. Hapa. Siyo nyasi kama ndege."

Nilikaa juu ya gunia la mafiga. Nilikumbuka mwalimu wetu wa Bashay alivyotuchapa kwa maneno mawili hayo. Kuhama ni kutoka, kuhamia ni kuingia, na anayechanganya ananyoosha mkono. Mzee Gidabarda hakuchapwa na mwalimu yeyote. Kwao neno lilikuwa moja, na nikifikiri sasa naona walikuwa na haki. Mtu anayehamahama na ng'ombe, kutoka kwake na kufika kwake ni safari ile ile, huwezi kukata katikati ukasema hapa ndipo nilipoacha kutoka. Sisi wakulima ndio tulioligawa neno vipande, kama tulivyogawa mashamba.

Nilimwita shemeji. Bura akaja na fito mkononi, akasikiliza, hakuamini. Alisema mtoto hawezi kutafsiri maneno ya mzee. Wakati huo mzee mwenyewe anakuja, kwa mwendo wake ule ule, akakuta kibanda hakina paa. Akatazama fito, akatazama mizigo. Uso wake ukafurahi. "Ehe," akasema. "Leo mnahama."

"Ndiyo, mzee," Bura akajibu, na sauti yake haikuwa nzuri. "Tunahama, kama ulivyosema."

"Vizuri. Lakini kwa nini mnafunga mizigo?"

"Mzee, mtu anahamaje bila kufunga mizigo?"

"Mizigo ya kwenda wapi?"

Wakaangaliana. Veronika, ambaye tangu asubuhi alikuwa analia bila kutoa sauti, akaanza kucheka. Alicheka ameshika tumbo kwa mikono miwili, akakaa chini kwenye vumbi, na mimi nikaogopa kwamba mtoto atatoka siku ile ile. Udagwenga akamweleza baba yake kwa lugha yao, mzee akasikiliza mpaka mwisho bila kubadilisha uso, kisha akamwambia Bura, "Wewe kijana, ningetaka uondoke ningekuuliza lini? Ningekuambia leo." Bura akasema samahani, mzee. Mzee akasema, "Nyasi zako zimeniumiza macho siku nyingi."

Ndipo alipotuambia shida yake, maana na yeye alikuwa nayo. Mvua imekata, ng'ombe lazima waende mbali kutafuta majani na maji, upande wa Yaeda na kupita, na hakuna ajuaye watarudi lini. Mama yake mzazi miguu imekwisha. Mwaka uliotangulia walimbeba kwa machela na karibu awafie njiani. Alitaka mtu mwenye nyumba ya udongo, yenye mlango wa kufunga, asiyekwenda popote, amwachie mama yake na ng'ombe wachache wa maziwa. Alipoiona mikono ya Bura siku ile ya tumbaku alijua ni mikono ya mtu wa kukaa. Lakini huyu mtu wa kukaa hakai. Ndiyo maana alikuwa anakuja kila asubuhi kuhimiza. Alikuwa anatuomba, na sisi tulisikia amri.

Nyumba ilijengwa haraka kuliko nyumba yoyote niliyoiona. Vijana wa mzee waliburuta miti kwa ng'ombe. Sisi wanawake tulikanyaga udongo na samadi, Udagwenga na mimi miguu ikiwa myeusi mpaka magotini, na Veronika amekaa kivulini anatoa amri kama msimamizi wa barabara. Ilikuwa tembe ya kwetu, paa la udongo, dari la nafaka, ndama upande mmoja na watu upande mwingine. Wafugaji walishangaa urefu wake. Mmoja akauliza Bura anafuga twiga. Watu walikunywa pombe ya mtama, wakacheza, na mafiga yangu nikayatoa kwenye gunia nikayapanga mahali pake. Kisha siku chache baadaye ng'ombe wakaondoka. Sijaona kitu kama kile. Vumbi lilibaki hewani mpaka mchana, na yule bibi aliyeachwa alikaa mlangoni kichwa kimeinama, anasikiliza kengele mpaka alipokuwa peke yake anazisikia, sisi hatuzisikii tena.

Alikuwa bibi mkali. Mimi nimekuwa mkali uzeeni na nadhani niliokota kwake. Ugali wangu aliuita jiwe. Akamwambia Veronika anatembea kama bata. Bura akichelewa shambani alisema, kwa maneno machache aliyoyajua, "Mwanaume wa mahindi," na ilikuwa tusi kamili. Lakini Veronika alipoanza kuumwa uchungu, yeye ndiye aliyejua. Alimtoa Bura nje kwa fimbo, akaniambia nichemshe maji na ninyamaze, akakaa nyuma ya dada yangu akamshika mgongoni mpaka mwisho. Mtoto alikuwa wa kike. Yule bibi alimpaka siagi utosini, akamwangalia sana, akasema kitu. Nikamwuliza amesema nini. Akatafuta maneno. "Huyu," akasema, "hakutoka mahali. Yupo tu." Mtoto huyo ndiye mama wa yule aliyeniuliza swali msibani.

Mahindi tulivuna kidogo, maziwa tukanywa mengi, na naweza kusema bila kuzunguka kwamba ulikuwa mwaka wa furaha kwangu. Asubuhi baridi kidogo, moshi, kibuyu cha mgando, bibi anagomba, mtoto analia, Bura anapiga mluzi. Nimekaa katika nyumba bora zaidi baada ya hapo. Nimeona pia watu wakihama kwa namna zote. Nimeona waliopakiwa kwenye malori wakati wa vijiji vya ujamaa, wameshika milango ya nyumba zao mapajani. Kaka zake Udagwenga wameswaga ng'ombe mpaka Morogoro, wengine mpaka Lindi, wanapiga simu wakiwa porini. Vijana wanakwenda mjini na begi moja na kurudi kwenye jeneza, au wanarudi na gari. Siwahukumu. Ila huwa namwuliza kila mmoja swali lile lile, nani alikuambia kaa. Wengi hawana jibu, na hao ndio wanaonipa huruma.

Wafugaji walirudi na mvua, wembamba, na ng'ombe pungufu. Bibi aliwauliza habari za ng'ombe mmoja mmoja kwa majina kabla hajauliza habari za watu. Mwanawe alipomwambia waende nyumbani, alisema yeye yuko nyumbani, wao ndio wamechelewa. Mzee Gidabarda akamtazama Bura, Bura akatazama juu darini. Bibi alikaa pale mpaka alipofariki, na kaburi lake liko hatua chache kutoka lile la Veronika.

Mwaka wangu ukawa umekwisha, Amsi akaja kunichukua. Udagwenga alinisindikiza mpaka mahali njia inapoanza kupanda, akanipa kibuyu, akageuka bila kuaga, ndivyo walivyo. Tulifika Bashay jioni, kuna ukungu, mama yuko jikoni. Nikasema shikamoo mama, akaitika, akaendelea kukoroga. Ukutani nyuma yake niliona ngozi ya Veronika, ile aliyolalia tangu utoto, imekunjwa na kufungwa kamba vizuri, imekaa vile vile mwaka mzima bila mtu kuigusa.

"Dada yako anarudi lini?" mama akauliza.

"Harudi, mama. Amejenga."

Akakoroga. "Nyumba ya nini?"

"Ya udongo. Ina dari."

"Mlango unaangalia wapi?"

Nilifikiri kidogo. Nilijua alitaka nimwambie unaangalia huku, milima yetu. "Unaangalia kwa Gidabarda," nikasema. "Kwa majirani."

Mama alitoa chungu motoni, mvuke unampita usoni. Kisha akainuka, akaifungua ile kamba, akaikung'uta ngozi nje mara kadhaa, akaitandika upande wangu. "Lala wewe," akasema. Niliilalia mpaka siku nilipoolewa Haydom, na siku hiyo mama hakuikunja.